Fuata Nyuki Uijue Kaluvu

Msomaji, ukisafiri kwenda Kitui hebu tazama juu ya mibuyu na migunga kando ya barabara. Utaona magogo yamening'inizwa matawini. Sisi watu wa mjini hudhani ni kuni zilizosahauliwa huko juu. La hasha! Hiyo ni mizinga ya nyuki, na hapo ndipo kaluvu huanzia.

Kaluvu ni pombe ya asili ya Wakamba. Ile ya kweli ina vitu vitatu tu: asali, maji na tunda la mwegea, lile refu lenye umbo la soseji. Majirani zao Wakikuyu huliita tunda hilo muratina, na pombe yenyewe wakaipa jina hilo hilo.

Tunda bichi ni sumu. Kwa hiyo hupasuliwa, likachemshwa na kuanikwa juani mpaka likauke. Kisha hutiwa kibuyuni pamoja na maji yaliyokorogwa asali, na kibuyu kikawekwa karibu na meko kipate joto. Hamira ya kiasili iliyojificha katika nyuzi za tunda ndiyo inayoigeuza sukari ya asali kuwa kileo. Pombe ikishachujwa, matunda huanikwa tena yangoje siku nyingine. Mpishi hodari huyatunza kama mkulima anavyotunza mbegu.

Nina mjomba wangu upande wa Mwingi. Siku moja nilimwuliza, "Mjomba, kaluvu ya huku na ya Kibwezi kule Makueni si ni moja?"

Alicheka. "Mpwa wangu, umewahi kumwona nyuki wa Kibwezi akija kutafuta maua huku?"

Nilinyamaza. Kweli, asali hufuata ua, na ua hufuata mvua. Asali ya mwaka wa neema si sawa na ya mwaka wa ukame, na kaluvu vivyo hivyo. Bia ya kiwandani hupikwa ili ladha yake iwe ile ile Mombasa na Kisumu. Kaluvu hukueleza ilikotoka. Mzee alimwaga matone machache chini kuwakumbuka waliotangulia, kisha akanipa kidogo nionje. Utamu ulitangulia, ukafuata uchachu, na mwisho kabisa harufu ya moshi wa meko.

Lakini haikuwa ya kila mtu. Ilikuwa ya wazee, katika shughuli za mahari na vikao vya kupatanisha waliogombana. Kijana hakuthubutu kuigusa. Wanafunzi mnaosoma ukurasa huu, jueni kwamba hata Sheria ya Kudhibiti Vileo ya mwaka wa 2010 inakataza kumwuzia pombe aliye chini ya miaka 18.

Siku hizi jina limeharibiwa. Asali ni ghali, basi wako wanaotumia sukari tupu, na wengine huongeza vitu visivyojulikana ili ilewesha upesi. Mnamo Mei 2014 makumi ya watu walikufa katika kaunti kadhaa, Kitui na Makueni zikiwamo, kwa kunywa vileo vikali vilivyotiwa methanoli. Hiyo haikuwa kaluvu. Hata hivyo, tangu hapo ukitaja pombe ya kienyeji mjini, watu hushtuka, wakaitupa ya asali katika kapu moja na ya sumu.

Hatari nyingine ni shoka. Mgunga unaolisha nyuki ndio huo huo unaochomwa makaa ya kupikia chai yetu Nairobi. Mnamo Januari 2018 Gavana Charity Ngilu alipiga marufuku usafirishaji wa makaa kutoka Kitui, na kelele zikawa nyingi. Mjomba hakupiga kelele. Alisema tu, "Mti ukiukata, utauza makaa mara moja. Ukiuacha, nyuki watarudi kila mvua ikinyesha."

Wahenga walisema fuata nyuki ule asali. Si lazima uwe mnywaji ndipo uithamini kaluvu. Ukipita Kibwezi au Mwingi, nunua chupa ya asali uwapelekee watoto, uwaeleze yale magogo mitini ni nini. Maana siku mizinga itakapokosa pa kuning'inia, kaluvu itabaki jina tu, na ndani ya kikombe hatutajua tunakunywa nini.