Tuache Njia Kabla ya Kujenga

Mji haupimwi kwa majumba peke yake. Mji hupimwa pia kwa njia zake: je, mtu aweza kutoka kwake akafika kwa jirani, sokoni na hospitali bila kuzunguka?

Tuutazame mji wa Dar es Salaam. Mwaka 1914 Wajerumani waliugawa mafungu matatu kwa ubaguzi wa rangi, na baadaye Waingereza wakaacha uwanja wa Mnazi Mmoja kati ya Uhindini na Kariakoo ili kutenga watu. Hatuwashukuru hata kidogo. Lakini mitaa ya Kariakoo ilinyoshwa ikakatana, na hata leo mtaa mmoja ukiziba, watu hupita wa pili.

Mwaka 1967 mji huu ulikuwa na watu wasiofika 300,000. Hesabu ya mwaka 2022 ilipata watu 5,383,728 katika mkoa mzima. Mji umefuata barabara kuu za Bagamoyo, Morogoro, Pugu na Kilwa kama vidole vya mkono. Kati ya kidole na kidole, mashamba yamekatwa vipande vipande, na kila mnunuzi akaacha kichochoro cha kufikia mlango wake tu. Njia nyingi zaishia ukutani. Watu wanaosikia adhana ya msikiti mmoja hulazimika kushuka barabara kuu ndipo wapande tena kutembeleana. Barabara hiyo itakosaje kujaa? Mabasi ya mwendokasi yalianza mwaka 2016, lakini aliye ndani sharti kwanza ayafikie.

Wako wasemao kosa ni la mwananchi. Twasema, la! Mwananchi alitafuta pa kulala, mpimaji hakufika. Hata hivyo, ajengaye ukuta juu ya njia amfungia jirani yake. Nyumba ikishika moto, gari la zimamoto litapita wapi?

Twataka mambo mawili. Kwanza, Serikali ichore mitaa kabla mashamba hayajauzwa. Kamba na vigingi ni gharama ndogo. Kuvunja nyumba na kulipa fidia ni gharama kubwa. Pili, palipokwisha jengwa, wenyeviti wa mitaa wakae na wenyeji, kila mmoja atoe hatua mbili tatu, njia zikutane.

Wazee walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Nasi twaongeza: usipoacha njia leo, kesho utabomoa ukuta.