Hofu ya Radio Isiwageuke Akina Mama



Kuna neno linalotembea katika parokia zetu, nalo linadhuru: eti mama mwenye mimba akipigwa picha ya radio, hata ya jino moja, mtoto amekwisha kuharibika. Kwa sababu ya neno hilo, mama anayekohoa kwa majuma mengi hukataa picha ya kifua, na kifua kikuu kinaendelea kumla. Mwenye jino lililooza huvumilia usaha hadi shavu livimbe. Aliyevunjika mguu kwa ajali ya pikipiki hurudishwa nyumbani na jamaa zake. Wanaolieneza hudhani kwamba wanalinda uhai. Sisi tunasema kwamba wanauhatarisha, wa mama na wa mtoto pia.

Tupime jambo hili kwa hesabu. Mionzi inayoingia mwilini hupimwa kwa miligrei. Picha ya jino, au ya kifua, humfikishia mtoto tumboni chini ya sehemu moja ya mia ya miligrei moja. Mionzi ya asili, itokayo ardhini, angani na hata katika chakula, humpa mtoto huyo huyo zaidi ya hiyo mara nyingi katika miezi tisa, wala hakuna mama awezaye kuikimbia.

Watatujibu: Je, wataalamu wenyewe hawakuonya? Walionya. Mwaka 1956, huko Oxford, mganga Alice Stewart alionyesha kwamba watoto ambao mama zao walipigwa picha za tumbo wakiwa na mimba walipatwa na kansa mara nyingi kuliko wengine. Hatulifichi hilo. Lakini zilikuwa picha za tumbo, na kwa mashine za wakati ule. Hata hivyo, hatari kwa kila mtoto ilikuwa ndogo. Ndiyo maana leo picha ya tumbo au ya nyonga, na hasa ile ya skana, hufikiriwa vema kwanza, na ekografi, isiyotumia mionzi, hutangulizwa inapotosha. Hiyo ni busara. Kumnyima mama picha ya jino au ya kifua ni woga tu.

Na woga huo umekwisha kuua. Mwaka 1986 mtambo wa nyuklia wa Chernobyl ulilipuka. Ugiriki, iliyo mbali nao, ilifikiwa na mionzi kidogo sana. Lakini habari zilipingana, waganga wengi hawakujua la kuwaambia wazazi, na watafiti wa huko walikadiria kwamba mimba 2,500 hivi, ambazo wazazi walizitaka, zilitolewa kwa hofu. Mwaka 2000, Tume ya Kimataifa ya Kinga dhidi ya Mionzi iliandika waziwazi kwamba chini ya miligrei 100 mionzi si sababu ya kutoa mimba. Kufikia kipimo hicho zingehitajika picha za kifua zaidi ya elfu kumi! Basi anayemshauri dada yetu atoe mimba kwa sababu alipigwa picha kabla hajajua kuwa ni mjamzito, anamhukumu mtoto bila kosa na bila ushahidi. Dada huyo aende kwa mganga, amweleze ni picha gani na lini, apate jibu la kweli.

Limebaki moja, nalo linatuhusu sisi. Katika chumba cha radio mwanamke huulizwa: Je, una mimba? Swali hilo humsaidia mganga kuchagua picha ifaayo. Lakini binti asiyeolewa mara nyingi hujibu hapana, maana anaogopa ndimi zetu kuliko mionzi. Tukitaka kweli kumlinda mtoto aliye tumboni, tuanze hapo: tufunge vinywa vyetu, ili mama yake aweze kusema kweli.