KUTOKA DARASANI: Watu wa karatasi wakibisha hodi

 

Leo tuongee juu ya watu wa karatasi. Mnawajua. Wanakuja na fomu, au siku hizi na simu, mkanda wa kupima mkono na ubao wa kupima urefu. Watoto wangapi? Miaka mingapi? Jana walikula nini? Wengi tumechoka. Tulipovuka Rusizi mwezi wa pili mwaka 2025 tukalala kwenye uwanja wa mpira wa Rugombo, maswali yalianza hata nguo hazijakauka. Ndiyo maana wengine wanajibu tu ili wamalize: "Andika yoyote, bwana."

Sasa sikilizeni. Mama mmoja jirani yetu alimpunguzia mtoto wake umri. Aliona akisema ana miaka 2, atapewa uji zaidi. Mtoto akapimwa, sentimita 87. Kwa mvulana wa miaka 2 huo ni urefu wa kawaida kabisa, basi wakaandika "mzima" wakaondoka. Jioni tukakaa naye tukahesabu. Wakati wa mafuriko ya Kalehe, Mei 2023, mtoto alikuwa ameanza kukaa peke yake. Hesabu ikaja miaka 3 na nusu. Kwa umri huo, sentimita 87 ni mtoto aliyedumaa. Uongo wa kutafuta uji ndio ulioficha njaa ya mtoto.

Mama aliogopa kurudi. "Wataniita mwongo, watanifuta kwenye kadi." Hata sisi tulisita, maana hatukuwa na uhakika watampokeaje. Tukaenda naye. Muuguzi alikunja uso, kisha akachukua kalamu akasahihisha. Sasa mtoto anafuatiliwa.

Wenyeji wetu wa vijijini nao wanapimwa hivyo hivyo. Utafiti wa afya wa Burundi wa mwaka 2016-2017 ulionyesha kwamba watoto 56 kwa kila 100 wa chini ya miaka 5 wamedumaa, na vijijini hali ni mbaya kuliko mjini. Nani angejua, kama watu wasingepita nyumba kwa nyumba na ubao wao? Mtoto wa mlimani Mabayi hana redio ya kusemea. Namba ndiyo inamsemea, lakini namba ya uongo inamsema vibaya.

Wenye kuuliza nao wajue kuuliza. Darasani tuliuliza: "Nani anafanya kazi?" Hakuna aliyenyoosha mkono. Tukabadilisha: "Jana, tangu kuamka mpaka kulala, ulifanya nini?" Eeh! Huyu alichota maji mara tatu, yule alilea mdogo wake, mwingine alishinda kwenye mpunga wa watu akifukuza ndege. Hawakuwa wametudanganya. Kwao hiyo siyo kazi, ni kusaidia nyumbani. Tukaelewa kwa nini wengine wanasinzia saa ya hesabu, na sisi tulikuwa tunawagombeza.

Kwa hiyo, ndugu zetu, mambo manne:

1. Umri wa mtoto tafuta kwenye kadi ya chanjo. Kama imepotea njiani, kumbuka tukio: mafuriko ya Uvira ya Aprili 2020, volkeno ya Goma ya Mei 2021. Alikuwa tumboni? Alikuwa anatembea?

2. Muulize mgeni: wewe ni nani, majibu yanakwenda wapi? Kuandikishwa ni kitu kimoja, utafiti ni kingine. Utafiti unaweza kuukataa, na hupaswi kunyimwa msaada kwa sababu hiyo.

3. Mtoto asiulizwe kabla mzazi hajakubali, na yeye mwenyewe akisema sitaki, aachwe.

4. Waambieni warudi na majibu. Mtu akichota maji kisimani kwako, angalau akuambie alipika nini.

Na nyinyi mnaouliza, kama mnasoma ukurasa huu: tumewapa siku zetu na watoto wetu. Rudini.

Tuonane mwezi ujao, Mungu akipenda.

Walimu wenu wa kujitolea, Cibitoke