Gari la zimamoto siyo zawadi, Kaniha tuna haki ya kuuliza

Makamanda, kuna zile video za mzungu aliyenunua gari chakavu la zimamoto, akaliingiza uani kwake, akalikwangua kutu wikiendi baada ya wikiendi, na baada ya miaka kadhaa linang'aa kama limetoka kiwandani jana. Kijana mmoja kwenye grupu letu la Biharamulo akauliza: "Kwani na sisi hatuwezi kutafuta moja tukalifufua, likakaa Kaniha?" Wengi wakaweka emoji za kucheka. Mimi naona aliuliza jambo la maana, na anastahili jibu.

Tuanze na hao wenye magari. Kule Uingereza kuna magari ya zimamoto yanaitwa Green Goddess, ya kampuni ya Bedford. Yalitengenezwa kati ya 1953 na 1956, wakati nchi yao inaogopa vita vya nyuklia. Mengi yalikaa stoo miaka na miaka, na yalionekana sana barabarani mwaka 2002 na 2003, zimamoto walipogoma na wanajeshi wakapewa hayo magari wazime moto. Baadaye serikali yao ikayauza. Mengine yalinunuliwa na wapenzi wa magari ya zamani, wanayafufua na kuyapeleka kwenye maonesho. Mengine, makamanda, yalipelekwa nchi maskini kwenda kuzima moto kweli, hasa Afrika.

Yaani gari lilelile, kwa mwingereza ni burudani ya Jumamosi, na likifika huku ndiyo huduma ya umma.

Tusielewane vibaya. Sikatai msaada. Gari la zamani linalotoa maji ni bora kuliko gari jipya lililo kwenye hotuba. Lakini muulize fundi yeyote. Mwenye burudani yake akikosa spea anasubiri mwezi, gari limepaki. Nyumba inayoungua haisubiri. Pampu ikivuja, mpira wa maji ukioza, breki zikifeli na tangi limejaa, hapo hakuna burudani. Halafu nani atalipa dizeli? Nani atalala zamu usiku? Vijana wa kijiji hawawezi kubeba hayo kwa kuchangishana.

Sasa tuje kwenye sheria, maana ndiyo ninayosoma. Ibara ya 14 ya Katiba inampa kila mtu haki ya kuishi na ya kupata hifadhi ya maisha yake kutoka kwa jamii. Sheria ya Jeshi la Zimamoto na Uokoaji, Namba 14 ya mwaka 2007, ikaunda jeshi la kitaifa kwa kazi ambayo zamani ilikuwa mikononi mwa halmashauri. Leo jeshi hilo liko Wizara ya Mambo ya Ndani. Serikali kuu ilipochukua madaraka, ilichukua na wajibu. Na wafanyabiashara wanatozwa ada ya ukaguzi wa tahadhari za moto. Ukitoza ada kwa ajili ya moto, usishangae mlipaji akikuuliza gari liko wapi.

Na pesa ikitajwa, tukumbuke Januari 2020. Rais Magufuli alimwondoa Waziri wa Mambo ya Ndani, Kangi Lugola, akieleza hadharani habari za mkataba wa vifaa vya zimamoto wa zaidi ya Euro milioni 408, zaidi ya shilingi trilioni moja, ambao haukuwa umepita Bungeni. Hayo hayakusemwa na mpinzani, aliyasema Rais wa CCM. Miezi minane baadaye, Septemba 14, 2020, moto ukaunguza bweni la Shule ya Msingi Byamungu Islamic kule Kyerwa, humuhumu Kagera. Watoto 10 wakafa. Sisemi kwamba mkataba ule ndio uliowaua. Nasema wakubwa wanapovutana juu ya mikataba, moto huku hausimami kuwasubiri.

Kaniha yetu je? Nyumba za nyasi zipo. Petroli ya bodaboda inauzwa kwenye chupa, jirani na jiko la mkaa. Wilayani kwetu, njia ya Nyakanazi na Lusahunga, malori ya mafuta yanapita kwenda Rwanda na Burundi. Msamvu, Morogoro, Agosti 10, 2019, lori moja tu la mafuta liliua watu zaidi ya 100. Namba ya dharura ni 114, na kila mtu aiweke kwenye simu. Lakini ukiipiga saa nane usiku ukiwa Kaniha, gari linatokea wapi, na linafika baada ya muda gani? Bukoba, makao makuu ya mkoa, ni mwendo wa saa kadhaa.

Serikali imezungumzia mpango wa kununua magari mapya 150. Sawa, tusibeze. Tuulize mangapi yanakuja Kagera, na kama kuna litakaloegeshwa karibu na Nyakanazi.

Kwa hiyo wewe uliyeuliza kwenye grupu, kazi yetu ni hii. Mkutano ujao wa kijiji, simama uulize mambo matatu, na uhakikishe yameandikwa kwenye muhtasari: gari la zimamoto la karibu liko wapi, maji ya kulijaza yatachotwa wapi, na nani amepewa mafunzo ya kuzima moto hapa kijijini. Diwani akisema hilo ni la wizara, mwambie alifikishe kwenye baraza la madiwani na kwa mbunge, atuletee jibu la maandishi. Akisema hakuna bajeti, tuwekee hapa kwenye maoni jina la kata yako na jibu ulilopewa. Tutayakusanya, na 2030 tutakwenda nayo jukwaani.