SAFU YA JAMAA: Wamenitoa Ukoo

Mwezi uliopita tuliongea juu ya ugomvi wa foleni ya maji, na barua zilizotufikia zilikuwa nyingi, tunashukuru. Lakini moja kati ya hizo haikuhusu maji hata kidogo. Ilitoka kwa mama mmoja, jina tunalihifadhi kama kawaida yetu. Anasema kijana wake wa miaka 16 amekataa kula siku mbili kwa sababu eti "wamemtoa ukoo". Yule mama aliposikia neno ukoo alishtuka sana. Alidhani ndugu za marehemu mumewe, kule tulikotoka, wamemkana mtoto. Akaanza kulia. Kumbe ni ukoo wa kwenye simu.

Tukiri kwamba tulicheka kidogo. Halafu tukaenda kumsalimia mama, tukaketi na kijana nje ya nyumba, na tulipotoka pale hatukucheka tena.

Kwa wazazi wasiojua mambo haya, tueleze. Kuna mchezo unaitwa Clash of Clans, wa kampuni ya Supercell ya Finland. Ulitoka mwaka 2012 kwa simu za iPhone, na mwaka 2013 ukafika kwenye simu za Android, ambazo ndizo wengi wetu tunazo. Kila mchezaji anajenga kijiji chake chenye kuta, mizinga na machimbo ya dhahabu, na akitaka anajiunga na kundi linaloitwa ukoo. Ukoo mmoja haupiti watu 50. Una kiongozi mmoja, una viongozi wenza, una wazee, na chini yao wanachama wa kawaida. Ndiyo, wazee! Mtoto wa miaka 14 anaitwa mzee, na mamlaka anayo kweli, kwa sababu mzee anaweza kumtoa mwanachama wa kawaida kwa kidole tu. Mzee naye anaweza kutolewa na walio juu yake. Michezo mingine kama Free Fire ina makundi ya namna hiyo hiyo. Majina yanatofautiana, shida ni ile ile.

Sasa ukoo wa kijana huyu ulianzishwa na watoto sita wa familia moja, binamu na binamu, wakati wote walipokuwa wanakaa bloki moja hapa kambini. Baadaye kesi za wazazi wao zikaanza kuitwa moja moja. Wawili wakaenda Australia, watatu wakaenda Texas. Yeye akabaki na mama yake. Kesi yao ilikuwa mbele kiasi, halafu Januari 2025 Marekani ikasimamisha kupokea wakimbizi, na faili lao halikusogea tena. Mkubwa wao aliyeko Texas, sasa ana miaka 19, ndiye kiongozi wa ukoo. Waliongeza marafiki wengine hadi wakapita thelathini, lakini moyo wa kundi walikuwa wale sita. Kila jioni ya hapa, ambayo huko Texas bado ni asubuhi, walikutana humo, wakisalimiana, wakitaniana kwa Kiswahili chetu, wakiulizana habari za bibi.

Mnaona basi. Kwa huyu kijana ile haikuwa michezo ya kupoteza muda. Ilikuwa baraza.

Mgao ulipopunguzwa, mama aliweka simu rehani dukani kwa unga. Simu ilikaa kwa mwenye duka wiki tatu. Katika wiki hizo ukoo ukaingia vitani. Vita katika mchezo huu vilianza mwaka 2014 na vina utaratibu wake: siku nzima ya kujiandaa, siku nzima ya kupigana, na kila aliyeandikwa kwenye orodha ana mashambulizi mawili. Asiyeshambulia, nafasi yake inapotea, kwa sababu vita vikishaanza mtu mwingine hawezi kuwekwa mahali pake. Kijana alikuwa ameandikwa. Hakuonekana. Wakashindwa kwa tofauti ndogo sana, na binamu akamtoa.

Mchezo wenyewe unampa anayemtoa mwenzake nafasi ya kuandika maneno machache, ambayo yule aliyetolewa atayakuta kwenye kikasha chake. Binamu aliandika neno moja tu: "Mvivu."

Mama alipokomboa simu, kijana alikwenda mbio kuichaji, akalipa chaji kwa pesa aliyopata kwa kubeba kuni, akafungua, akakuta hilo neno.

Wapo watakaosema ni mambo ya watoto. Sisi tulitafuta habari kidogo. Kuna mtaalamu wa saikolojia anaitwa Kipling Williams. Siku moja alikuwa ameketi kwenye bustani ya watu, kisahani cha kuchezea kikamwangukia, akawarudishia wenyewe wawili waliokuwa wanakirusha. Wakamrushia tena, akacheza nao dakika chache. Ghafla wakaacha kumrushia. Watu asiowajua kabisa! Alishangaa jinsi ilivyomuuma. Baadaye yeye na wenzake wakatengeneza mchezo mdogo wa mpira kwenye kompyuta, na katika utafiti waliouchapisha mwaka 2000 watu zaidi ya 1,400 kutoka nchi 62 waliucheza kwa intaneti. Waliorushiwa mpira kidogo au kuachwa kabisa waliumia moyoni, wakajiona si mali kitu, ingawa hawakuwaona wenzao uso kwa uso na hapakuwa na zawadi yoyote. Utafiti mwingine wa mwaka 2004 ulionyesha kwamba hata mtu akiambiwa wazi kuwa anacheza na kompyuta tu, bado anaumia akiachwa. Sasa kama kompyuta isiyo na roho inaweza kumuumiza mtu, je, mtoto wa mama yako mkubwa?

Wenzetu wa nchi nyingine walikutana na jambo hili mapema. Katika mchezo wa EverQuest wa mwaka 1999 makundi yalikuwa yanamwandikia kila mtu alama kwa siku alizohudhuria mapambano makubwa, na alama hizo ndizo alizotumia kudai ngao au panga zilizopatikana. Aliyetolewa alama zake zikabaki hewani. Mwaka 2004 ukaja World of Warcraft, na mwaka 2007 makundi ya humo yakapewa hazina ya pamoja, ambapo mmoja anaweka na mwingine anachukua. Hapo ugomvi ulizidi. Makundi mengi yalijifunza kuandika sheria zao na kumsomea mtu mpya kabla hajaingia.

Lakini hatuna haja ya kwenda mbali hivyo. Akina mama wa vikundi vya akiba humu kambini wanajua kazi hii kuliko vijana wote wenye simu. Njia hii ya akiba ilianza Niger mwaka 1991 ikasambaa Afrika nzima, na hapa kwetu karibu kila bloki ina kikundi. Sanduku lina kufuli tatu na funguo ziko kwa watu watatu tofauti. Katiba inasomwa siku ya kwanza, na asiyejua kusoma anasomewa. Mtu asipokuja mkutano mmoja, kabla ya kumtoza faini, mjumbe anapita nyumbani kwake kuuliza: kuna mgonjwa? kuna msiba? Na ikifika hatua ya kumtoa, haamui mwenyekiti peke yake. Wanachama wanakaa, yeye mwenyewe anasikilizwa, wanahesabu hisa zake, wanakata deni lake kama lipo, wanampa kilichobaki mkononi mwake mbele ya watu. Hakuna anayekuja nyumbani siku moja akakuta kijikaratasi mlangoni kimeandikwa "Mvivu".

Tuliwauliza vijana watatu wanaoongoza makundi yao hapa kambini wanafanyaje. Mmoja alisema anatoa tu, hana muda. Wa pili alisema anampigia mtu kwanza, au anamtumia ujumbe wa pembeni, si mbele ya kundi lote. Wa tatu, msichana, alitupa jibu ambalo lilitupendeza: mtu akipotea, yeye hamwandiki kwenye orodha ya vita inayofuata, basi. Anabaki mwanachama, anasalimiwa, ila hahesabiwi mpaka arudi. Nafasi ziko 50, anasema, na sisi hatujafika hata 20, sasa nimfukuze ili nani akae? Kwa kweli hatukuona la kuongeza hapo.

Tunawaomba vijana wanaoongoza, hasa ninyi mliokwisha kuvuka mkaenda mbali ambako umeme haukatiki, mkumbuke simu ya huku ni ya nani. Mara nyingi ni ya nyumba nzima. Baba anasubiri kupigiwa, dada anasomea, mtoto anaangalia katuni. Bando ni pesa ya nyanya. Siku saba za kimya huko kwenu labda ni dharau, huku ni kawaida. Uliza kwanza. Kama huwezi kumpata yeye, muulize mtu wa bloki yake. Subiri hata wiki mbili au mwezi. Na ikibidi kumtoa kweli, maana kundi lina wengine wanaotaka kupigana na hawawezi kufungwa na mmoja, basi mwandikie maneno ya mtu mzima: tumekutoa kwa sababu hukuonekana vita tatu, ukipata simu omba tena, tutakupokea. Maneno hayo yanatosha kwenye kile kisanduku. Usimtoe katikati ya vita kwa hasira, kwa maana jina lake linabaki kwenye orodha, na asipokuwamo ndani hawezi kushambulia, kwa hiyo unajikata mwenyewe. Wala usimtangaze. Tumeona kundi moja ambalo kila anayetolewa anachekwa siku nzima, na waliobaki wanacheka huku wanaogopa zamu yao.

Lakini tusieleweke vibaya. Kuna wa kutolewa saa hiyo hiyo, bila barua wala kikao. Anayetukana kabila la mwenzake, huyo atoke. Sisi wa kambi hii tunajua maneno hayo yalianzia wapi na yaliishia wapi, na mchezo si kisingizio. Anayewaomba wasichana picha, atoke, na mzazi aambiwe siku hiyo hiyo, maana akitolewa kwenye kundi moja atajiunga na lingine. Anayeomba namba za siri za akaunti za wadogo, vilevile. Hapo kiongozi anayechelewa kwa kuogopa lawama ndiye mwenye kosa.

Na wewe uliyetolewa? Uliza sababu mara moja, kwa adabu. Ukijibiwa vibaya, nyamaza, kijiji chako bado ni chako, kuta na mizinga yote unaondoka nayo. Usirudi kwa jina la uongo kuvuruga. Tunajua vijana wanafanya hivyo, wengine walituambia wenyewe huku wanacheka.

Wazazi nao, jamani, tusiwaambie watoto kwamba wanalilia upuuzi. Lual Mayen, kijana wa Sudan Kusini aliyekulia kambini kaskazini mwa Uganda, mama yake alidunduliza miaka mitatu akamnunulia kompyuta ya mkononi, naye alikuwa anatembea masaa matatu kwenda kuichaji. Akatengeneza mchezo unaoitwa Salaam. Si kila mtoto atakuwa Mayen, hatudanganyi. Ila yule mama hakusema ni upuuzi.

Turudi kwa mama aliyetuandikia. Kwa uchungu wake alimpigia dada yake, mama wa yule kijana wa Texas, wakatukanana. Dada ndiye aliyekuwa anatuma pesa ya dawa za bibi. Mwezi mzima hawakuongea. Tulimshauri apige tena, na mara hii aanze na habari ya unga na rehani, aache habari ya neno lile. Alipiga Jumapili. Dada mtu hakujua kabisa kwamba simu ilikuwa dukani. Alinyamaza kwenye laini mpaka mama akadhani mtandao umekatika.

Binamu aliomba msamaha kwa sauti, akamtumia mwaliko wa kurudi. Kijana hakurudi. Wakati ule wa kununa alikuwa amefungua ukoo wake mwenyewe, na sasa wako saba, wote wa zoni yetu, watano wanatosha kupigana vita vidogo. Wanachaji simu kwa zamu na wanaandikana vitani kwa kufuata zamu hiyo. Juma lililopita binamu wa Texas aliomba kujiunga huko, kama mwanachama wa kawaida. Ombi lake tuliliona kwenye simu tulipopita. Kijana alikuwa hajalibonyeza bado, anasema anataka kwanza kumsomea sheria.