SINDANO YA MGONGO SI ADUI WETU

Katika gazeti letu la muhula uliopita mwenzetu mmoja aliandika juu ya usafi wa mabweni, na mwingine juu ya faida za michezo. Mimi naomba nafasi niseme juu ya jambo ambalo watu hawapendi hata kulitaja, yaani sindano ya mgongo. Nasema waziwazi tangu mwanzo ili msomaji ajue niliposimama. Naona kwamba wazazi wengi wa kwetu wanaokataa watoto wao kutolewa maji ya mgongo wanakosea, na kwamba madaktari na wauguzi nao wana fungu lao katika kosa hilo.

Kwetu ni Kang'ata, Wilaya ya Handeni. Miaka mitano iliyopita, mimi nikiwa na umri wa miaka 12, binti wa baba yangu mdogo alishikwa na homa kali. Alikuwa hajatimiza miaka miwili. Siku ya pili akaanza kukakamaa na macho kupinduka, na bibi akasema ni degedege. Wasomaji wa mkoa wa Tanga hawahitaji kuelezwa neno hilo. Alifukizwa, akaogeshwa dawa, na kila aliyekuja kutazama alikumbusha usemi wa wazee kwamba mtoto mwenye degedege asichomwe sindano, kwani akichomwa hufa. Usiku baba mdogo aliona hali imezidi, akakodi pikipiki, mama mdogo akampakata mtoto, wakaenda hospitali.

Daktari alimpima mtoto damu, kisha akamwinua kichwa, akaona shingo imekaza haikunjiki. Akasema hapana budi atolewe maji ya mgongo. Baba mdogo akapewa karatasi atie sahihi. Mama mmoja aliyekuwa akimwuguza mwanawe kitanda cha pili akanong'ona, "Wangu wa kwanza walimchoma hapohapo mgongoni, hakufika alfajiri." Baba mdogo akairudisha karatasi. Hakufukuzwa. Mtoto alipewa dawa ya malaria, na dawa nyingine ya kuua bakteria kwa kukisia tu, maana njia ya kujua ilikuwa imefungwa. Siku ya tatu homa ikashuka, mtoto akanyonya. Baba mdogo alikuwa na mahindi shambani yanaliwa na ngedere. Aliomba ruhusa, akakataliwa, akaondoka na mwanawe. Baada ya siku nne homa ilirudi kwa nguvu kuliko kwanza. Alilazwa tena, akapona, lakini tangu siku zile hasikii. Sasa ana karibu miaka saba. Ukimwita kwa nyuma hageuki. Akiona midomo yetu inacheza, naye hucheka.

Siwezi kuapa kwamba sindano ingeokoa masikio yake. Homa ya uti wa mgongo huharibu masikio hata ya watoto waliotibiwa vizuri. Lakini kama maji yale yangetolewa na kuonekana yana usaha, daktari angeweza kumwambia baba mdogo, "Ugonjwa ni huu, dawa ni siku kumi, ukiondoka leo utarudi." Angekuwa na kitu cha kumwonyesha. Bila maji yale alikuwa na maneno matupu, na maneno matupu hayakuweza kushindana na mahindi.

Nimefikiri sana kwa nini sindano hii inaogopwa kuliko nyingine. Sababu ya kwanza naiona katika lugha yetu wenyewe. Uti wa mgongo ni mfupa. Tena uti wa mgongo ndilo jina tunaloupa ugonjwa. Tena mtu akitolewa maji twasema "kachomwa uti wa mgongo." Basi mtu akisikia kwamba fulani kachomwa uti wa mgongo, na kesho yake akasikia kwamba fulani kafa kwa uti wa mgongo, ataachaje kudhani kwamba sindano ndiyo iliyomtia ugonjwa? Sababu ya pili ni hesabu mbaya. Sindano hii hachomwi mwenye kikohozi wala mwenye kidonda cha mguu. Huchomwa aliyezimia, aliyekakamaa, asiyemtambua mama yake. Baadhi ya hao hufa, wachomwe wasichomwe. Sisi tunawahesabu waliokufa baada ya sindano, wala hatuwahesabu waliokufa bila sindano, kwa kuwa hao tumewazika nyumbani kwa jina la degedege.

Iko pia hofu ya kupooza. Watu hudhani sindano huingia katika ugwe wa fahamu unaoshuka kutoka ubongoni. Hebu tulitazame jambo lenyewe kama tulivyofundishwa. Ugwe ule haufiki mwisho wa mgongo. Kwa mtu mzima huishia karibu na pingili ya kwanza au ya pili ya kiuno, na kwa mtoto mchanga hushuka kidogo zaidi. Daktari huchoma chini ya hapo, kati ya pingili ya tatu na ya nne, au ya nne na ya tano, mgonjwa akiwa amelala ubavu na kujikunja magoti kifuani. Pale hakuna ugwe, ila nyuzi za fahamu zinazoning'inia ndani ya maji. Wenzangu wa Korogwe wameizoea katani. Chukua nyuzi za katani zilizokwisha kusafishwa, zitie katika ndoo ya maji, kisha ujaribu kuichoma moja kwa sindano. Zitakukwepa. Nyuzi zile za fahamu hufanya vivyo hivyo.

Na maji yenyewe hayaishi. Mtu mzima ana kiasi cha mililita 150 kwa wakati mmoja, na mwili hutengeneza kama mililita 500 kila siku. Vijiko viwili vya chai vikitolewa, mwili wake huvirudisha kabla kipindi kimoja cha darasani hakijaisha. Kwa mtoto huchukuliwa kidogo zaidi.

Vijiko hivyo huleta habari nyingi. Maji ya mtu mzima wa afya ni maangavu kabisa. Yakitoka yamechafuka kama maji yaliyooshewa mchele, daktari huanza kujua hata kabla hayajafika maabara. Huko huhesabiwa chembe nyeupe, hupimwa sukari na protini, kisha maji hutiwa rangi na kutazamwa kwa darubini, na mengine huwekwa ili vijidudu viote na kujulikana ni vya namna gani na vinauawa na dawa ipi. Yuko pia kuvu mmoja anayewashika hasa watu ambao kinga yao imepunguzwa na Ukimwi. Huyo hutafutwa kwa kutia tone la wino mweusi, naye huonekana amezungukwa na duara jeupe. Nilipoambiwa haya na mwalimu wetu wa Bayolojia sikusadiki kwamba wino unaweza kumfaa mgonjwa.

Jambo kubwa kwetu sisi watu wa nchi yenye malaria ni hili. Malaria iliyopanda kichwani na homa ya uti wa mgongo hufanana mno: homa, degedege, kuzimia. Lakini katika malaria maji ya mgongo kwa kawaida hubaki maangavu. Tena mtoto wa kwetu anaweza kuwa na vijidudu vya malaria katika damu, na huku kinachomwua ni kitu kingine kabisa. Kipimo cha kidole kikisema malaria, wote hushusha pumzi na kuacha kutafuta. Madaktari wa Kilifi, pwani ya Kenya, wameandika mengi juu ya hatari hiyo. Ni kweli kwamba chanjo zimepunguza ugonjwa, ile ya Hib iliyoanza kutolewa kwa watoto wa Tanzania mwaka 2009 na ile ya nimokoka iliyoanzishwa mwishoni mwa 2012. Zimepunguza, hazikumaliza.

Wako wanaosema sindano hii ni mambo ya kigeni. Ni kweli kwamba Daktari Heinrich Quincke aliianza mjini Kiel, Ujerumani, mwaka 1891, akitaka kupunguza maji yaliyosongamana katika vichwa vya watoto. Lakini kabla ya miaka 12 kupita, sindano hiyo ilikuwa Entebbe, na kazi kubwa iliyoifanya pale ilihusu ugonjwa wetu sisi. Mwaka 1901 Daktari Albert Cook na ndugu yake Jack, katika hospitali ya Mengo, waliwatambua wagonjwa wa malale. Ugonjwa ukaenea Busoga, Buganda na visiwa vya Ziwa Viktoria, na inakisiwa kwamba katika miaka iliyofuata uliwaua watu zaidi ya 200,000. Mwaka 1902 wataalamu watatu walitumwa kutoka Uingereza kutafuta asili yake. Mmoja wao alikuwa Aldo Castellani, Mwitaliano wa miaka 28. Kwanza alidhani ni bakteria. Mwezi wa Novemba mwaka huohuo alipotazama maji ya mgongo ya mgonjwa wa malale kwa darubini, aliona kijidudu chenye mkia kikijipindapinda. Ndicho kile tunachokiita tripanosoma. Baadaye David Bruce na wenzake walionyesha kwamba mbung'o ndiye anayekichukua.

Wazee wa Kang'ata wanamjua mbung'o, kwa kuwa ndiye aliyewazuia watu wengi wa Handeni kufuga ng'ombe. Mimi nilipoisoma habari hii nilifikiri kwanza juu ya wale waliolala Entebbe na kutolewa maji. Castellani na Bruce waligombania sifa kwa miaka mingi. Wale wagonjwa hawakugombania chochote, wala sidhani kwamba kuna aliyewaomba ruhusa kwa karatasi. Hata hivyo ni maji ya migongo yao yaliyoufichua ugonjwa.

Kwa muda mrefu baada ya hapo kila mgonjwa wa malale alitolewa maji ya mgongo, ili ijulikane kama kijidudu kimekwisha ingia ubongoni, kwa sababu dawa ya hatua hiyo ilikuwa na sumu na iliwaua baadhi ya wagonjwa. Mwaka 2024 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo mpya unaokubali vidonge vya feksinidazoli kwa malale ya upande wetu wa Afrika, kwa wagonjwa wa kuanzia miaka 6, navyo hutibu hatua zote mbili. Kwa hiyo haja ya sindano katika ugonjwa huo inapungua. Nalitaja hili nisije nikadhaniwa kuwa naipenda sindano. Ikipatikana njia nyepesi, na itumike.

Wala sisemi haina taabu. Wengine huumwa kichwa siku kadhaa baada yake, hasa wakiinuka. Yako pia mahali ambapo haifai: mgonjwa mwenye dalili kwamba kichwani mna uvimbe unaosukuma, mwenye damu isiyoganda, au mwenye usaha kwenye ngozi pale pa kuchoma. Daktari mwenye busara huangalia hayo kwanza, na ikiwa sindano itachelewa huanza dawa bila kuingoja. Mzazi ana haki ya kuuliza kama yameangaliwa.

Hapa nawageukia waganga na wauguzi, nikiomba radhi kwa umri wangu. Likizo ya Juni nilimchorea baba mdogo mgongo kwa mkaa juu ya ubao wa mlango, nikamwonyesha ugwe unapoishia na sindano inapopita. Nilimweleza habari ya katani, kazi ambayo aliwahi kuifanya mwenyewe katika mashamba ya Korogwe. Alitazama muda mrefu, akaniuliza, "Mwanangu, na yule daktari alilijua hili?" Nikasema, "Ndiyo, baba, alilijua." Akasema, "Mimi alinipa kalamu tu." Sikuwa na jibu. Najua wodi hujaa, na usiku daktari huwa mmoja. Lakini kuchora mchoro ule hakuchukui dakika tano. Mtu aliyekaa na mwanawe anayekufa hawezi kutia sahihi juu ya kitu asichokijua, na akikataa tusimwite mjinga.

Sisi wanafunzi tuna kazi pia. Katika nyumba nyingi mtoto wa sekondari ndiye anayeulizwa karatasi inasema nini. Akisema "sijui", sahihi haitatiwa. Tena tunalala makumi kwa makumi katika bweni moja, na homa ya uti wa mgongo, ile ya meningokoka, hupenda mahali kama hapo. Mmoja wetu akiumwa kichwa na shingo ikakaza, maji ya mgongo wake ndiyo yatakayoonyesha kama waliolala karibu naye wapewe dawa ya kinga. Hapo anayekataa hakatai kwa ajili yake peke yake.

Tumekwisha mwomba mwalimu wa Bayolojia, naye amekubali, tuchore mchoro mkubwa wa mgongo wenye maelezo ya Kiswahili. Utatundikwa karibu na mlango wa maabara kabla ya mahafali, na wanafunzi wawili watasimama hapo siku hiyo kuwaeleza wazazi watakaopenda. Baba mdogo amesema atakuja. Nimemwomba alete nyuzi za katani, na ndoo tunayo.