Mgeni Njoo, Mwenyeji Apone: Nani Huulizwa Kama Amepona?

Wahenga hawakukosea waliponena kuwa mgeni njoo, mwenyeji apone. Methali hii yaelekea kuwa ndiyo nguzo ya ushirikiano mwingi wa kimataifa katika elimu ya taaluma za afya, ambapo wanafunzi wa udaktari, uuguzi na famasia kutoka Marekani na Ulaya huja Afrika Mashariki kwa wiki au miezi michache, wajifunze huku wakitoa huduma. Hata hivyo, methali yenyewe ina pande mbili: kuja kwa mgeni na kupona kwa mwenyeji. Tathmini za ushirikiano huu aghalabu huupima upande wa kwanza kwa makini na kuugusia wa pili juujuu. Kasoro hiyo si ya takwimu pekee. Kwa kiasi kikubwa ni kasoro ya lugha.

Mfano wa Eldoret unafaa kuzingatiwa kwa kuwa ni miongoni mwa mifano bora. Ushirikiano kati ya Chuo Kikuu cha Moi na Chuo Kikuu cha Indiana cha Marekani ulianza mwishoni mwa miaka ya 1980, wakati kitivo cha afya cha Moi kilipokuwa kikiasisiwa. Mwaka 2001, janga la UKIMWI liliposhtadi, ushirikiano huo ulizaa mpango wa AMPATH, ambao pamoja na Hospitali ya Mafunzo na Rufaa ya Moi ulieneza matibabu magharibi mwa Kenya. Wanafunzi wa Indiana huja Eldoret, na wa Moi nao huenda Indianapolis. Fauka ya hayo, Moi ina utaratibu wake uitwao COBES, unaowapeleka wanafunzi wa afya mashinani wajifunze kwa kuitumikia jamii. Kwa hivyo, kujifunza kwa kutumikia si wazo lililoletwa na ndege. Lina mizizi papa hapa.

Je, mafanikio ya ushirikiano wa aina hii hupimwaje? Mwaka 1959, Donald Kirkpatrick wa Marekani alianza kueleza ngazi nne za kutathmini mafunzo: mwanafunzi aliyapokeaje, alijifunza nini, utendaji wake kazini ulibadilikaje, na matokeo yakawa yapi. Ngazi mbili za kwanza hupandika kwa wepesi. Mwanafunzi hujaza hojaji kabla ya safari na baada yake, akasema kuwa sasa anajiamini zaidi na anazielewa tamaduni za wengine. Ngazi ya nne, alipo mgonjwa, ndiyo ngumu kufikiwa. Mwongozo wa maadili ya mafunzo ya afya ya kimataifa uliochapishwa mwaka 2010 ulisisitiza manufaa ya pande zote, lakini manufaa ya mwenyeji hayajulikani kwa kumhoji mgeni.

Hapa ndipo Kiswahili kinapoingia. Mkenya aliyelazwa wodini akiulizwa, "Habari yako?" hujibu, "Nzuri," kisha ndipo aeleze kuwa hajapata usingizi siku tatu kwa maumivu. Jibu la kwanza ni adabu. La pili ndilo habari. Hojaji iliyotungwa kwa Kiingereza na kutafsiriwa neno kwa neno, ikamuuliza mgonjwa kama ameridhika na mwanafunzi aliyemhudumia, yamkini itakusanya adabu na kuiita data. Vivyo hivyo, mgonjwa asemaye "nasikia kizunguzungu" hazungumzii masikio, na "homa" yaweza kuwa joto la mwili, mafua au malaria kutegemea msemaji.

Wapo watakaosema kuwa mgeni wa wiki sita hawezi kuimudu lugha, na kwamba wauguzi humtafsiria. Hoja hiyo ina ukweli, lakini ndiyo inayofichua gharama isiyoandikwa popote. Dakika ambazo muuguzi anamtafsiria mgeni ni dakika alizomkosesha mgonjwa wa kitanda cha pili. Tathmini isiyozihesabu humwonyesha mgeni kuwa mtoaji tu na mwenyeji kuwa mpokeaji tu. Aidha, watetezi wa Kiswahili nao hawana budi kuwa wakweli. Ajuza wa kijiji cha Uasin Gishu huenda akajua Kinandi pekee, na kumhoji kwa Kiswahili sanifu kukawa ni kumhamisha kutoka mlango mmoja uliofungwa hadi mwingine.

Yapasa basi mambo matatu yafanyike. Kwanza, maswali ya tathmini yatungwe tangu mwanzo kwa Kiswahili na lugha za wenyeji, na yajaribiwe miongoni mwa wagonjwa kabla ya kutumiwa. Pili, muda wa wauguzi na wahadhiri wenyeji uhesabiwe kama mchango wao katika ushirikiano. Tatu, matokeo yarejeshwe barazani kwa lugha inayoeleweka, kwani jamii iliyohojiwa ina haki ya kujua ilichosema. Idara za Kiswahili zina wataalamu wa tafsiri na isimujamii wanaoweza kuifanya kazi hii bega kwa bega na vitivo vya tiba. Katiba ya mwaka 2010 inakitambua Kiswahili kuwa lugha ya taifa na lugha rasmi katika kifungu cha 7, na haki ya afya katika kifungu cha 43. Ni muhali haki ya pili kutimizwa huku lugha ikiachwa nje ya lango la hospitali.

Mwaka 2025, serikali ya Marekani iliposimamisha misaada yake ya nje, mipango mingi ya afya nchini iliyotegemea fedha hizo ilitikisika. Fedha zikikauka, kinachosalia ni ujuzi wa wenyeji na imani ya wagonjwa. Hivyo ndivyo vitu ambavyo tathmini ingepaswa kuvipima mapema, wakati mgeni angali sebuleni, na wa kuulizwa ni mwenyeji.